Anza Chini ya Jedwali: Namna ya Kusoma Takwimu za Mchezo wa Kikapu Ambao Hukuutazama

Kwa sisi tunaoishi Arusha, mchezo wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, unaoanza saa moja na nusu jioni mjini New York huanza kwetu saa tisa na nusu usiku katika miezi ya baridi ya huko, na saa nane na nusu usiku wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele. Kwa sababu hiyo wapenzi wengi wa kikapu ninaowafahamu, wa Ngarenaro kama wa Njiro, hukutana na mchezo asubuhi kwenye simu, ukiwa umeshakwisha na kugeuka jedwali la namba, nao hulisoma jedwali hilo ndani ya daladala wakielekea kazini au shuleni. Ushauri ninaoutoa hapa umetokana na kufundisha vijana na kukaa kwenye meza ya takwimu katika mechi za mkoani kwetu, na unatosha kusemwa kwa sentensi moja: soma mstari wa jumla ya timu kabla hujasoma jina la mchezaji yeyote.

Vijana wangu hufanya kinyume chake, na hilo ni jambo la kawaida kabisa kwa mtu anayependa mchezo. Mmoja atafika mazoezini akiwa bado anahema, na kabla hajafunga kamba za viatu atasema, “Shikamoo kocha, umeona jamaa kafunga arobaini?” Nami huitikia marahaba, kisha namuuliza jamaa huyo alitupa mara ngapi ili kuzipata hizo arobaini, na timu yake ilipata ribaundi ngapi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa, chini ya kikapu ilichokuwa ikikishambulia. Hapo ndipo simu hutolewa tena mfukoni, na mazungumzo ya kweli kuhusu mchezo huanza.

Ili nieleweke, nitachukua mchezo mmoja ambao kila anayetaka kujifunza kusoma takwimu anapaswa kuukalia kitako. Ni mchezo wa saba wa fainali za NBA za mwaka 2010 kati ya Los Angeles Lakers na Boston Celtics, uliochezwa Los Angeles tarehe 17 Juni, wakati huku kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri ya tarehe 18. Lakers walishinda kwa pointi 83 dhidi ya 79 na kutwaa ubingwa. Sasa tazama jina ambalo kila mtu angelitafuta kwanza: Kobe Bryant alitupa mara 24 kutoka uwanjani na kuingiza mitupo 6 tu, na mitupo yake yote 6 ya pointi tatu ilikosa. Mtu anayesoma kuanzia kwenye nyota wa timu angefunga simu akiwa na hakika kwamba Lakers wamefungwa. Hata akisogea hadi kwenye asilimia za timu angezidi kuamini hivyo, kwa kuwa Lakers waliingiza mitupo 27 kati ya 83, yaani asilimia 32.5, ilhali Celtics waliingiza 29 kati ya 71, ambayo ni karibu asilimia 41.

Mabingwa walipatikanaje basi? Jibu lote limo katika mstari wa jumla, na halihitaji picha ya video. Lakers walipata ribaundi 53 dhidi ya 40 za Celtics, na kati ya hizo, ribaundi za kushambulia zilikuwa 23 dhidi ya 8. Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, usilinganishe 23 na 8 peke yake, bali uliza nafasi zilikuwa ngapi. Chini ya kikapu walichokuwa wakikishambulia Lakers, wao walichukua ribaundi 23 na Celtics wakachukua 32, hivyo Lakers waliokoa zaidi ya mitupo miwili katika kila mitano iliyokosa. Upande wa pili Celtics walichukua 8 na kuwaachia wapinzani 30, yaani karibu moja katika kila tano. Timu inayokosa mara nyingi lakini inajirudishia mpira wake kwa kiwango hicho hupata nafasi nyingi zaidi za kutupa, na ndiyo maana safu ya majaribio inaonyesha 83 dhidi ya 71.

Endelea kwenye safu ya mitupo huru, ile ya pointi moja moja ambayo mchezaji hupewa baada ya faulo. Lakers walitupa 37 wakaingiza 25, na Celtics walitupa 17 wakaingiza 15. Hapa kuna somo ambalo napenda wachezaji wangu walikokotoe wenyewe kwa kalamu. Ukiondoa mitupo huru, Celtics walifunga pointi 64 na Lakers 58, kwa hiyo katika mchezo wa wazi Boston walikuwa mbele kwa pointi 6. Kwenye mstari wa mitupo huru Lakers walikuwa mbele kwa pointi 10. Toa 6 kwenye 10, unabaki na 4, na 4 ndiyo tofauti ya matokeo. Celtics walikuwa na asilimia nzuri zaidi ya mitupo huru, 15 kati ya 17, na bado walipoteza pointi 10 mahali hapo, kwa sababu asilimia haikupi hesabu ya mara ulizofika.

Ukishayaelewa hayo, sasa rudi kwa Bryant. Utaona kwamba aliingiza mitupo huru 11 kati ya 15 na kufikisha pointi 23, na kwamba alichukua ribaundi 15, jambo kubwa kwa mchezaji wa nafasi ya nyuma. Utamwona Pau Gasol wa Lakers akiwa na pointi 19 na ribaundi 18, tisa kati yake zikiwa za kushambulia. Utakumbuka pia kwamba Kendrick Perkins, senta aliyekuwa nguzo ya Boston katika kugombea mipira ya chini ya ringi, aliumia goti katika mchezo wa sita na hakucheza huo wa saba. Jedwali halikuandikii hilo popote zaidi ya kutokuwapo kwa dakika zake, lakini safu ya ribaundi inalipigia kelele. Namba za mchezaji mmoja zilizoonekana za aibu zimepata maana yake kwa sababu tulianza na timu.

Dean Oliver, Mmarekani aliyefanya kazi kubwa ya kuingiza hesabu katika kikapu, alipanga mambo yanayoamua mchezo katika mafungu manne: ubora wa mitupo, mipira inayopotezwa, ribaundi na mitupo huru, na akaupa ubora wa mitupo uzito mkubwa kuliko mengine. Mimi nakubaliana naye kwa ujumla, na mpangilio wake ndio ninaoutumia ninapofungua jedwali asubuhi. Mchezo wa 2010 ni mfano mzuri wa siku ambayo fungu la kwanza liliegemea upande mmoja, na mafungu mengine yakaupa upande wa pili kombe.

Jambo la pili ninalosisitiza ni kuhesabu zamu za kushambulia, yaani kila mara timu inapoushika mpira mpaka unapokwenda kwa wapinzani, kwa sababu pointi bila zamu hazina kipimo. Kanuni inayotumika sana ni hii: chukua mitupo yote iliyojaribiwa kutoka uwanjani, ongeza mitupo huru iliyojaribiwa ikiwa imezidishwa kwa 0.44, toa ribaundi za kushambulia, kisha ongeza mipira iliyopotezwa. Ile 0.44 huwatatiza wengi, lakini sababu yake ni rahisi. Kama kila safari ya kwenye mstari ingekuwa ya mitupo miwili inayomaliza zamu, tungezidisha kwa nusu. Ila kuna mtupo mmoja wa ziada anaopewa mtu aliyefunga huku akifanyiwa faulo, na kuna mitupo ya faulo za kiufundi, zile za utovu wa nidhamu, ambayo haimalizi zamu yoyote, na ndiyo inayoishusha nusu hiyo kidogo. Ukipata idadi ya zamu, gawanya pointi kwa zamu hizo, kisha zidisha kwa mia moja, na utaweza kuilinganisha timu inayokimbia na timu inayotembea bila kuidhulumu yoyote.

Urefu wa mchezo nao hupotosha. NBA huchezwa kwa robo nne za dakika 12, na Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, hufuata sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zenye robo nne za dakika 10. Fainali ya kwanza ya BAL, iliyochezwa Kigali mwaka 2021, Zamalek ya Misri iliifunga US Monastir ya Tunisia pointi 76 kwa 63, na nimewasikia vijana wakizidharau namba hizo kwa kuwa ni ndogo kuliko walizozizoea. Lakini pointi 83 za Lakers katika dakika 48 ni sawa na takriban pointi 69 katika dakika 40. Kwa kipimo cha dakika, basi, Zamalek walifunga kwa kasi kubwa kuliko mabingwa wa NBA katika mchezo ule wa saba. Sisemi kwamba timu hizo zilikuwa na uwezo sawa. Nasema kwamba kabla hujaita namba ndogo au kubwa, iweke kwanza juu ya dakika zake. Wale wanaofuatilia michezo ya Kigali na kwingineko barani, na ninafurahi kwamba hapa mjini wanaongezeka, wasikubali kulinganisha jumla tupu.

Sasa tuje kwenye mitupo ya mchezaji mmoja mmoja, ambako ubishi wa vijiweni huwa mkali zaidi. Asilimia ya kawaida ya mitupo huhesabu mtupo wa pointi mbili na wa pointi tatu kuwa kitu kimoja, na haigusi kabisa mitupo huru. Kipimo ninachokipendekeza hujumuisha vyote: chukua mitupo ya uwanjani aliyojaribu, ijumlishie mitupo huru aliyojaribu iliyozidishwa kwa ileile 0.44, zidisha jumla hiyo kwa mbili, kisha gawanya pointi alizofunga kwa jibu hilo. Tukijaribu kwa mechi mbili maarufu, Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 tarehe 2 Machi 1962 mjini Hershey, Pennsylvania, timu yake ya Philadelphia Warriors ilipoifunga New York Knicks 169 kwa 147. Aliingiza mitupo 36 kati ya 63 na mitupo huru 28 kati ya 32. Kobe Bryant alifunga 81 dhidi ya Toronto Raptors tarehe 22 Januari 2006, akiingiza 28 kati ya 46, saba kati yake zikiwa za pointi tatu, pamoja na mitupo huru 18 kati ya 20. Fanya hesabu, nawe utapata karibu asilimia 65 kwa Chamberlain na karibu asilimia 74 kwa Bryant. Pointi 100 ni nyingi kuliko 81, na rekodi ni ya Chamberlain, lakini mtu aliyevuna zaidi kwa kila nafasi aliyopewa ni Bryant. Haki inadai tuongeze kwamba mwaka 1962 NBA haikuwa na mstari wa pointi tatu, ambao ulianza msimu wa 1979–80, kwa hiyo Chamberlain hakuwa na njia ya kupata zaidi ya pointi mbili kwa mtupo wa uwanjani.

Jedwali la mchezo wa Hershey lina funzo jingine. Linasema Chamberlain alipata ribaundi 25, lakini halisemi alizuia mitupo mingapi, kwa sababu NBA ilianza kuandika bloku na mipira iliyoporwa rasmi katika msimu wa 1973–74, na mipira inayopotezwa na mchezaji mmoja mmoja ikafuata msimu wa 1977–78. Mahali patupu kwenye jedwali la zamani si sifuri. Nimeona watu wakiwalinganisha wachezaji wa zamani na wa sasa kwa kujumlisha safu ambazo nusu yake hazikuwahi kujazwa, na matokeo ya ulinganisho wa namna hiyo hayafai hata kubishaniwa.

Kwa upande mwingine, safu ya pointi inaweza kuwa karibu tupu na mchezaji akawa ndiye aliyeumiliki mchezo. Tarehe 10 Februari 2017 Draymond Green wa Golden State Warriors alifunga pointi 4 tu dhidi ya Memphis Grizzlies, na katika mchezo huohuo akapata ribaundi zaidi ya 10, asisti 10, yaani pasi zilizozaa kikapu, na mipira 10 ya kupora, timu yake ikashinda 122 kwa 107. Binti mmoja ninayemfundisha, ambaye alikuwa akinung'unika kwamba hafungi, nilimwonyesha mstari huo na kumwomba auchore kwenye daftari lake. Sasa baada ya kila mechi huniuliza kwanza kuhusu mipira aliyopora.

Safu ya tofauti ya matokeo, ile inayoonyesha timu ilishinda au ilishindwa kwa kiasi gani mchezaji husika akiwa uwanjani, nitaipitia haraka. Inafaa ukiwa na mechi nyingi. Kwa mechi moja inategemea mno ni nani waliokuwa naye uwanjani na nani walikuwa upande wa pili, hivyo mimi siitumii kumsifu wala kumlaumu mtu.

Lipo pia suala la wastani kwa mchezo, ambalo sisi Watanzania tunalo mfano wetu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa karibu mita 2.21, alichaguliwa wa pili, na Memphis Grizzlies, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Wastani wake wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7 kwa mchezo umetumiwa na wengi kumhukumu kwa maneno makali, na mimi huumia kila ninapoyasikia, kwa sababu wanaoyasema hawajaitazama safu ya dakika. Alikuwa akicheza takriban dakika 10 kwa mchezo. Ukizipanua ribaundi zake kwa kipimo cha dakika 36, unapata zaidi ya 9, ambayo ni kazi ya heshima kwa senta. Kupanua huko nako kuna mipaka yake, kwa maana faulo nazo zinapanuka, na mchezaji anayefikia faulo ya sita kabla ya dakika ya 36 hawezi kuzicheza dakika hizo. Lakini kati ya kusema kwamba mtu hakupewa au hakuweza kupata dakika, na kusema kwamba hakufanya lolote alipokuwa uwanjani, kuna umbali mkubwa, na takwimu zikisomwa vizuri zinauonyesha umbali huo.

Yote haya yatakukaa kichwani haraka zaidi ukiandika takwimu kwa mkono wako mwenyewe. Hapa kwetu viwanja vingi ni vya wazi, vya shule na vya mitaa, na hakuna anayekuja na kompyuta. Tunatumia kaunta buku iliyopigwa mistari kwa rula, kila mchezaji na namba ya jezi yake, na watoto wawili mezani: mmoja anatazama na kutamka, mwingine anaandika. Anayetazama haruhusiwi kugusa kalamu, kwa sababu ukiinamisha kichwa kuandika ribaundi, leyapu inayofuata imeshakupita. Anatamka kwa kifupi, namba kwanza kisha tukio: “saba, amekosa, kumi na moja, ribaundi, yetu.” Upepo wa mchana hupeperusha kurasa, hivyo tunaibana kwa kibanio cha nguo, na jiwe juu yake.

Kwa anayeanza, ningeshauri aandike mambo manne tu katika mechi zake za mwanzo: mitupo iliyojaribiwa na iliyoingia, mitupo huru, ribaundi za pande zote mbili, na mipira iliyopotezwa. Asisti aziache kwanza. Asisti ni uamuzi wa anayeandika, kwani lazima aamue kama pasi ndiyo iliyozaa kikapu au kama mfungaji alijitengenezea mwenyewe, na mtoto aliyekaa mezani huku rafiki yake akicheza huwa mkarimu sana katika uamuzi huo. Bloku na mipira iliyoporwa zitafuata mkono ukishakuwa mwepesi.

Mwisho wa kila robo, kabla ya kunywa maji, jumlisha. Zidisha kwa mbili mitupo yote iliyoingia kutoka uwanjani, ongeza pointi moja kwa kila mtupo wa pointi tatu, ongeza mitupo huru iliyoingia, na jumla hiyo lazima ilingane na pointi zilizoandikwa kwenye karatasi rasmi ya meza ya waamuzi. Isipolingana, karatasi ya waamuzi ndiyo inayofuatwa, na kosa litafutwe palepale ndani ya robo hiyohiyo, wakati mtazamaji wako bado anakumbuka ni nani aliyetupa kutoka pembeni na kama mguu wake ulikanyaga mstari.